Taa za bluu ndani ya mtambo wa hewa: tuzing'oe au tuziache?

Swali: Assalamu alaikum mwalimu. Mimi ni msimamizi wa matengenezo katika hoteli moja hapa Malindi, upande wa Casuarina. Wakati wa korona, tajiri wetu alileta watu wakafunga taa za UV ndani ya mtambo wa hewa wa ukumbi wa mikutano, wakatuambia zinaua viini. Wiki iliyopita kijana wangu mmoja alizima feni, akafungua mlango wa mtambo ili asafishe treyi ya maji. Taa zilikuwa zinawaka, lakini hakujali kwa sababu mwanga wenyewe ni hafifu, bluu tu. Alikaa mle kama dakika tano. Saa tano usiku akaamka analia, anasema macho yamejaa mchanga. Mama yake akamtia maziwa machoni. Sasa vijana wote wamekataa kuugusa mtambo ule, na tajiri anauliza: tuzing'oe, au kuna njia ya kuzitumia bila kuumiza mtu?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Mpe pole sana kijana, na umwambie hatapofuka kwa hili. Nayajua maumivu hayo, maana yalinipata mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili wa kazi, ndani ya chumba cha baridi. Hakuna aliyekuwa amenieleza kitu. Nililala macho yakiwa mazima, nikaamka usiku nikidhani mtu amenimwagia pilipili. Kwa hiyo sitaki kabisa jambo hili lipite kama "ajali ndogo". Lakini pia sitaki mzing'oe taa hizo kwa hofu, kwa sababu zikifungwa vizuri ni msaada mkubwa kwa mtambo ulioko kando ya bahari kama wenu. Taa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mlangoni, na nitaeleza.

Nianze na macho, kwa kuwa hilo ndilo la haraka. Lililompata kijana ndilo linalowapata mafundi wa kuchomelea mageti wanaofanya kazi bila kioo: ngozi nyembamba ya mbele ya jicho imeungua kwa miale ya urujuanimno, ndiyo hiyo UV. Jicho halisikii kitu wakati linapoungua. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi kati ya saa sita na kumi na mbili, ndiyo maana aliungua akiwa kazini na kilio kikawa usiku. Kwa kawaida hupona yenyewe kwa siku moja au mbili. Maziwa, viazi vilivyokatwa, maji ya waridi, vyote hivyo muache. Jicho lililoungua ni kama kidonda kibichi, na kila kisicho safi unachokitia kinaweza kuleta maambukizi ambayo ni mabaya kuliko kuungua kwenyewe. Akae chumba chenye giza, asifikiche, ajifute kwa kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, na aende kliniki ya macho aangaliwe. Yale matone ya kutia ganzi ambayo mafundi wengine hununua kichochoroni wasiyatumie kamwe nyumbani: yanaondoa maumivu lakini yanachelewesha jicho kupona, na mtu anaweza kujiharibia macho huku akijiona amepata nafuu. Ikiwa siku mbili zimepita na bado anaona ukungu au anaumwa, arudi kwa daktari bila kungoja.

Sasa kwa nini mwanga hafifu kiasi kile uunguze? Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Bluu mnayoiona si ile inayoua viini. Taa hizi zina mvuke wa zebaki ndani yake, na sehemu kubwa ya miale inayotoka, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 254 hivi, haionekani kwa jicho la binadamu. Bluu ni makombo tu. Taa inaweza kuonekana dhaifu kuliko kibatari, na huku inamwaga miale mikali kuliko yoyote uliyowahi kusimama mbele yake. Jua letu la Malindi, hata la mwezi wa pili kaskazi ikivuma na mchanga ukiunguza nyayo, halituletei miale ya aina hii, kwa sababu hewa ya juu na tabaka la ozoni huizuia yote kabla haijafika chini. Mwili wetu haujawahi kuizoea. Na nimesikia vijana wakisema ngozi nyeusi haidhuriki. Ngozi nyeusi ina kinga yake kwa jua, ni kweli, lakini kioo cha jicho hakina weusi wowote wa kukikinga. Mbele ya taa hii macho ya Mgiriama, ya Mbajuni na ya Mwitaliano ni sawasawa.

Nikupe hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo ninayotaka ubandike ofisini. Kipimo kinachokubalika kimataifa kwa miale ya nanomita 254 ni milijuli 6 kwa kila sentimita ya mraba, kwa siku nzima ya kazi ya saa nane. Ukigawa kwa sekunde za saa hizo nane, ni kama mikrowati 0.2 tu kwa sentimita ya mraba kwa mtu aliyekaa hapo saa zote nane. Ndani ya mtambo wa hewa, karibu na taa, si ajabu kukuta mikrowati mia kadhaa. Tuseme ni 500 pale alipoinama kijana wako: kipimo chake cha siku nzima kilikwisha kwa sekunde 12. Dakika tano ni sekunde 300. Alipokea mara 25 ya kiasi kinachoruhusiwa. Na hata angeipa taa mgongo, kuta za ndani zikiwa za alumini zinairudisha miale hiyo kama kioo kinavyorudisha mwanga wa kawaida, ikaja kumpata usoni kutoka pembeni.

Kwa hiyo swali la usalama si "taa ina nguvu gani". Ni hili: je, kuna njia yoyote mtu anaweza kuufungua mlango ule na taa zikabaki zinawaka? Kwenu ipo, na umeieleza wewe mwenyewe bila kujua: "alizima feni". Feni na taa zenu zina laini mbili tofauti za umeme. Aliyefunga taa alikuja baadaye, akachukua umeme mahali pengine palipomrahisishia, akaondoka. Kijana alifanya kama alivyofundishwa, akazima aisoleta ya feni, yaani swichi kubwa ya kukata umeme wake, akaamini mtambo umekufa. Mimi simlaumu hata kidogo. Ningemlaumu aliyeacha laini ya pili bila alama.

La kwanza basi, kabla ya kuwarudisha vijana: tafuta laini ya taa inatoka wapi, uiwekee aisoleta yake ubavuni mwa mtambo, pembeni ya ile ya feni, inayoweza kutiwa kufuli. Fundi anayeingia anazima zote mbili, anatia kufuli yake mwenyewe, na ufunguo unakaa mfukoni mwake, si kwenye droo ya ofisi wala kwa mlinzi. Wakiingia wawili, kufuli mbili. Kazi ya waya hizo apewe fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, si yule aliyeleta taa.

La pili ni swichi ya mlango. Kila mlango unaoweza kumfikisha mtu kwenye miale lazima uwe na swichi inayokata umeme wa taa pindi mlango unapoachana na fremu. Mitambo mingi iliyofungwa wakati wa korona haina, au ilikuwa nayo ikaungwa moja kwa moja na fundi aliyechoka kuona taa zikizimika. Na hapa nina jambo ambalo hutalikuta kwenye vitabu vya wenzetu wa nchi kavu: chumvi. Hewa ya Malindi inakula chuma usiku na mchana, na swichi ndogo yenye springi ndani hukwama kwa kutu ikiwa imebonyezwa. Mlango unafunguliwa, swichi inadhani bado umefungwa, taa zinaendelea kuwaka. Nimekuta hivyo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo chagua swichi iliyozibwa isipitishe unyevu, ya aina ambayo mlango wenyewe huzivuta pini ziachane kwa nguvu bila kutegemea springi peke yake, na uijaribu kila mwezi. Usiijaribu kwa kuchungulia. Mtu mmoja ashike klampu mita, kile kifaa cha kupima mkondo wa umeme, kwenye waya wa taa nje ya mtambo, mwingine afungue mlango akiwa amesimama nyuma yake kama ngao: mkondo ukishuka hadi sifuri, swichi ni nzima. Na hata ikiwa nzima, swichi ya mlango si ya kuzimia taa kwa ajili ya kazi. Ni kinga ya mtu aliyesahau. Kazi inafanywa kwa aisoleta na kufuli.

La tatu ni kidirisha. Watu hufungua mlango kwa sababu wanataka kujua kama taa inawaka, ni hilo tu. Wape njia ya kuona bila kufungua. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia miale hii, na plastiki ya polikaboneti pia inaizuia, kwa hiyo kidirisha kidogo cha kioo kilichozibwa vizuri kwenye ubavu wa mtambo kinatosha. Bluu inapita, miale mibaya inabaki ndani. Hiyo pia ndiyo sababu ya taa zenyewe kutengenezwa kwa kwatzi au kioo maalumu, kwani kioo cha balbu za kawaida kingeizuia miale isitoke.

Halafu kuna matundu. Mtambo wa miaka kumi karibu na bahari una kutu, na kutu hutoboa. Zima taa za chumba cha mitambo usiku, vaa miwani ya usalama ya polikaboneti iliyofunika hadi pembeni, na ngao ya uso, nguo ya mikono mirefu na glavu, halafu zunguka mtambo ukitafuta bluu inayochungulia: kwenye viungo vya mabati, tundu la waya, tundu la bomba la maji, ukingo wa mlango uliopoteza mpira wake. Popote bluu inapotoka na hapana kioo, na miale inatoka. Ziba kwa bati au tepu ya alumini, usizibe kwa plastiki peke yake, maana miale hii huitafuna. Angalia pia kama mtu aliyekaa ukumbini anaweza kuona bluu akitazama juu kwenye matundu ya hewa. Akiiona, taa imefungwa mahali pabaya na ihamishwe au iwekewe kikingio.

Hilo la kutafuna plastiki lisikupite. Miale inayoua viini hukausha na kuvunja mpira, maganda ya waya, mikanda ya feni na filta za nyuzi za plastiki. Nimefungua mtambo nikakuta ganda la waya linapukutika kama udongo mkavu, shaba iko wazi, chini kuna treyi ya maji. Hapo hatuzungumzii macho tena, tunazungumzia mtu kunaswa na umeme. Kila waya unaoonwa na taa upite ndani ya bomba la chuma au uzungushwe tepu ya alumini, na filta ziwe mahali ambapo mwanga hauzifikii.

Sasa nirudi kwa tajiri wako na lile neno "zinaua viini". Zinaua, si uganga. Tangu 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kuota kwenye mirija ya maabara, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Wamarekani walishatundika taa za aina hii juu madarasani kupunguza surua. Lakini inategemea unachokiangazia. Koili yenu ya kupoza hewa haiondoki mahali pake: inaangaziwa saa ishirini na nne, kwa hiyo hata mwanga wa wastani unatosha kuzuia koga na ule utelezi unaojijenga kwenye mapezi yake, vile vibati vyembamba, na kwenye treyi. Hewa inapita mbio. Ikienda mita mbili na nusu kwa sekunde, kipande cha mita moja mbele ya taa inakivuka kwa chini ya nusu sekunde. Kuua kirusi kinachopita mbio namna hiyo kunataka taa nyingi zaidi na hesabu iliyofanywa na mtaalamu. Kwa jinsi ulivyoeleza, taa zenu ni za koili. Faida yake ni koili safi, hewa isiyonuka kama nguo zilizovunda kwenye beseni, na feni isiyohangaika kusukuma hewa kwenye mapezi yaliyoziba. Hizo ni faida za kweli kwa unyevu wa pwani, na ndizo zinazonifanya nisiseme ng'oa. Ila tajiri asiwaambie wageni wa mikutano kwamba ukumbi hauna viini. Hilo taa hizo hazikuahidi. Afungue madirisha pale inapowezekana na aongeze hewa ya nje kwenye mtambo.

Na koili isafishwe kwanza kwa mkono. Taa haipenyi tope. Miale huishia pale inapogonga, kwa hiyo uchafu uliolala juu unakinga ulioko chini yake. Osha koili, osha treyi, hakikisha maji yanateremka vizuri, ndipo taa ilinde usafi huo.

Hukuuliza kuhusu harufu, lakini nakuuliza mimi: ukumbini kuna harufu kali kama ya mashine ya fotokopi iliyofanya kazi mchana kutwa? Baadhi ya taa za bei rahisi hutoa pia miale ya nanomita 185, na hiyo hugeuza oksijeni kuwa ozoni. Nimewasikia wauzaji wakisema harufu hiyo ni dalili ya usafi. Si kweli. Ozoni inawasha koo na kubana kifua, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa ukumbini hapo hapo. Mkiisikia, zimeni taa hizo na mnunue zile zisizotoa ozoni, ambazo kioo chake huizuia miale ya 185. Iandikwe kwenye karatasi ya oda, usitegemee neno la mdomo.

Msizime taa usiku kuokoa umeme. Taa za koili hufanya kazi kwa kukaa zinawaka, na kila kuwasha huzipunguzia maisha, na umeme wetu wenyewe unazizimazima vya kutosha. Nyingi zinahesabiwa saa 9,000 hivi, na mwaka una saa 8,760, kwa hiyo badilisheni mara moja kwa mwaka, mwezi uleule. Msingoje ziungue. Taa ya miaka mitatu inaweza kuwa bado ina bluu nzuri huku miale yenyewe imeshapungua sana, na hapo mnalipia umeme wa pambo. Wakati wa kufunga mpya msiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono hubaki kwenye kioo na kuzuia miale, kwa hiyo vaeni glavu safi, na ikishikwa ifutwe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Taa kuukuu zina zebaki. Ni miligramu chache kila moja, lakini zebaki haiozi, na ikitupwa jaani au baharini inarudi kwetu ndani ya samaki. Zihifadhini nzima ndani ya boksi zilezile za mpya, mzikabidhi kwa mtu mwenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira. Ikivunjika ndani ya mtambo, zimeni feni mara moja ili mvuke usisambae ukumbini, watu watoke, na chumba kiachwe wazi kama dakika kumi na tano. Msifagie wala msitumie mashine ya kuvuta vumbi. Kusanyeni vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lake kwa tepu ya kunata, vyote viingie kwenye mtungi wenye kifuniko.

Kuhusu vijana kukataa, mimi niko upande wao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi mahali salama, maelezo na mafunzo, na kijana wako hakupewa hata kimoja. Mwandike kwenye daftari la ajali, siku alizolala zisikatwe mshahara, na gharama za kliniki zilipwe na hoteli. Kisha waite wote, uwaonyeshe aisoleta mbili, kufuli na kidirisha, na umwache kila mmoja afunge na kufungua kwa mkono wake mpaka azoee. Nimeona pia vibandiko vingi vya onyo vimeandikwa Kichina au Kiingereza, na anayefungua mlango anasoma Kiswahili. Bandika juu ya mshikio, kwa herufi kubwa: HATARI. TAA NDANI INAUNGUZA MACHO. ZIMA FENI NA TAA, TIA KUFULI, NDIPO UFUNGUE.

Mpaka hayo yawe tayari, taa zikae zimezimwa. Koili itavumilia wiki mbili tatu.